Kuaga ukapera kwa gofu: jinsi ya kuchagua uwanja mkitokea Mtwara au Lindi

Kabla hamjataja uwanja wowote, hesabuni wangapi kati yenu wamewahi kushika fimbo ya gofu. Safari nyingi za namna hii huharibika kwa sababu mchezaji mmoja hodari ndiye aliyechagua uwanja, kisha wenzake saba wakashinda porini wakitafuta mipira. Wakiwa nusu au zaidi wanajua mchezo, chukueni uwanja wa mashimo 18. Wakipungua nusu, mashimo 9 yanatosha, na saa moja ya mazoezi itangulie. Wakiwa wawili tu, bakini Kusini. Tutafika ufukwe wa Msimbati mwishoni.

Jambo la pili ni tarehe. Wiki ya mwisho kabla ya ndoa ni ya kamati, mahari, suti na wageni wanaoshuka na mabasi. Safari iwe wiki mbili au tatu kabla. Angalieni pia kalenda ya watu wenyewe: mwezi wa Ramadhani hauendani na kutembea juani kwa muda wa saa nne na nusu, na rafiki mwenye mashamba hataondoka siku ya mnada wa korosho. Mvua nazo hazifanani. Kwetu msimu ni mmoja, Desemba hadi Aprili. Dar es Salaam wana vuli kuanzia Oktoba na masika ya Machi hadi Mei. Arusha nako masika ni miezi hiyohiyo. Juni hadi Septemba ndiyo miezi isiyo na mabishano.

Sasa njia, na hapa ndipo wikiendi inapoliwa. Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 hivi, basi la alfajiri hutumia saa 9 au 10, na foleni ya Mbagala ina hesabu yake. Mkiondoka Ijumaa na kurudi Jumapili kwa barabara, mmebakiwa na Jumamosi moja, tena migongo inauma. Wa Lindi wanapunguziwa kilomita mia na kidogo. Ndege ya Mtwara–Dar ni kama saa moja, kwa hiyo mkipanda ya Ijumaa mnapata siku mbili kamili. Kama ni lazima barabara, ombeni ruhusa kazini muondoke Alhamisi. Msimu wa mvua msiweke ratiba ya kubana: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili.

Kwa mtu wa Kusini, Dar ndiyo chaguo la kwanza. Ina klabu ya Gymkhana, katikati ya jiji karibu na bahari, na Lugalo, uwanja wa jeshi wenye mashimo 18. Gymkhana inafaa kundi linalotaka kulala mjini na kutembea jioni bila kukodi gari. Lugalo ni eneo la jeshi: kila mmoja abebe kitambulisho, na kamera itulie mfukoni mpaka muulize wapi panaruhusiwa kupiga picha.

Kili Golf, kule Usa River kati ya uwanja wa ndege wa KIA na Arusha mjini, ni mashimo 18 ya par 72 (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari), na kwa uzuri wa mandhari ndio tungeutaja kwanza. Lakini kutoka Mtwara mnabadilisha ndege Dar, kwa hiyo unafaa kundi lenye siku nne na mfuko mzito. Uko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi ni baridi, na mtu wa Mikindani asiyebeba sweta atatetemeka. Morogoro Gymkhana ni njia ya kati: treni ya SGR kutoka Dar inafika chini ya saa mbili. Ulizeni mapema mashimo mangapi yako tayari kuchezwa.

Pigeni simu wiki nne hadi sita kabla, na swali la kwanza si bei. Ulizeni: siku hiyo kuna mashindano ya wanachama? Jumamosi nyingi zinashikwa na mashindano, na wageni husogezwa au kukataliwa getini. Baada ya hapo: wasio wanachama wanaruhusiwa siku zipi, anayejifunza anaruhusiwa kuingia uwanjani au aishie eneo la mazoezi, wanadai cheti cha handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji), fimbo za kukodi ziko seti ngapi, na kuna seti ya mkono wa kushoto? Hilo la mwisho husahaulika kila mara. Ombeni jibu la maandishi kwa ujumbe wa simu, maana anayepokea simu Jumanne huenda siye mtakayemkuta Jumamosi.

Idadi bora ni 8 au 12, kwa kuwa kundi moja la uwanjani halizidi wanne. Wanne hutumia saa 4 hadi 5 kumaliza mashimo 18. Wanaojifunza hufika 6 na kuwakasirisha walio nyuma. Anzeni saa 1 asubuhi, mmalize kabla jua halijachoma. Mkianza saa 8 mchana, chukueni mashimo 9 tu: Juni jua la Dar linazama saa 12 na robo jioni.

Msicheze kila mtu na mpira wake. Chezeni skrambo: wanne ni timu moja, wote wanapiga, mnachagua mpira uliokaa vizuri zaidi, kisha wote wanapiga tena kutoka hapo, ndani ya urefu wa fimbo moja na bila kusogelea shimo. Yule asiyejua anapiga ovyo mara nne, ya tano inanyooka, na mpira wake ndio unaochaguliwa. Shangwe ya hapo inazidi kombe. Wekeni sharti moja: katika mashimo 18, kila mchezaji mikwaju yake miwili ya kuanzia shimo lazima itumike. Bila sharti hilo hodari atacheza peke yake, wengine wabaki kubeba maji.

Kila anayejifunza awe na mipira 8, ya bei nafuu au iliyookotwa. Sheria inatoa dakika 3 tu za kutafuta mpira uliopotea. Zikiisha, songeni mbele. Mavazi ni fulana yenye kola na suruali ya kitambaa au kaptula ya heshima. Jinzi na ndala hurudishwa mlangoni.

Mikono nayo. Mgeni wa mchezo huikaba fimbo kama mpini wa jembe, akapiga ndoo mbili za mipira ya mazoezi mfululizo, na jioni malengelenge yamefura pale kidole kinapoungana na kiganja. Ndipo pete inapokaa. Bwana harusi avae glovu (mkono wa kushoto kama anapiga kwa kulia), aishie mipira 50, na aishike fimbo kwa nguvu ya mtu aliyeshika yai.

Hesabu ya pesa iandikwe: ada ya uwanja, kedi (mbeba fimbo) na bakshishi yake, fimbo za kukodi, mipira, nauli, malazi, chakula. Bwana harusi halipi. Tuseme gharama ni 300,000 kwa mtu na mko 8: jumla ni 2,400,000, wanaolipa ni 7, kila mmoja 342,857. Tozeni 350,000, ibaki akiba ya 50,000. Pesa hii isikae kwenye simu ya mweka hazina wa harusi. Ikichanganyika na michango ya ukumbi, maelezo yake hayataisha.

Mkibaki nyumbani, Msimbati inatosha kwa mchezo wa nusu siku. Ni kilomita 45 hivi kutoka Mtwara mjini, na ufukwe uko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, kwa hiyo pitieni kwanza ofisi ya hifadhi, mlipe kiingilio na mwombe ruhusa ya mchezo. Chagueni siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maana maji hupwa sana kwenye saa 4 hadi 5 asubuhi na mchanga uliolowa unabana kama sakafu. Chimbeni mashimo sita ya upana wa sentimita 10 au 11, hatua 40 hadi 80 kutoka moja hadi jingine, kila moja na kijiti cha mwanzi chenye kitambaa. Fimbo mbili fupi na puta moja (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) zinatosha watu wanane. Pigeni sambamba na maji, msielekeze baharini, na mhesabu mipira mnapoanza na mnapomaliza. Mashimo fukieni kabla maji hayajarudi. Wavuvi hupita hapo gizani, na mguu ukitumbukia kifundo kinateguka.