Mbegu za jangwani hazioti? Anza na mnyama

Watu wengi wanaokota mbegu ya mgunga, wanaifukia kwenye kikopo, wanamwagilia wiki tatu, hamna kitu, basi wanasema mbegu mbovu. Si mbovu, imerukishwa hatua. Huko jangwani, mara nyingi kabla haijafika udongoni inapitia kwa mnyama kwanza, mdomoni, tumboni au kwenye shimo la panya, kwa hiyo kabla hujapanda chochote jiulize huu mmea unamtegemea nani, halafu ufanye alichokuwa anafanya yeye.

Tuanze na mgunga wenyewe. Maganda yakidondoka ngamia, mbuzi, swala na tembo wanayala, na gamba la mbegu ni gumu maji hayapenyi, sasa kule tumboni linalainika, zingine zinasagika na kufa kabisa lakini zinazopona zinatoka mbali na mti mama zikiwa ndani ya mbolea. Halafu kuna vidudu vinataga kwenye yale maganda, watoto wao wanaila mbegu kwa ndani, sasa ganda likiliwa mapema kidudu kinafia tumboni na mbegu inasalimika. Hapo ndo naona mnyama anafanya kazi ambayo sisi kwa mikono hatuiwezi.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda zizini au chini ya mti ambapo wanyama wanapumzika mchana, chukua kinyesi kilichokauka, kipondeponde taratibu na uchekeche. Mbuzi pia anatema mbegu akicheua, kwa hiyo angalia chini vizuri, utazikuta safi kabisa hazina hata kinyesi. Yenye kitundu cha duara tupa, hiyo imeshaliwa. Nzima ziloweke usiku kucha, asubuhi utaona zingine zimevimba na gamba limelegea ukilibonyeza kwa kucha, hizo panda siku hiyohiyo usingoje. Zilizobaki kama kokoto zisugue na msasa upande mmoja tu mpaka rangi ya ndani ianze kutokea, usiguse ile ncha mbegu ilipokuwa imeshikia ganda maana mzizi unatokea huko, kisha loweka tena. Huna kinyesi? Chemsha maji, epua, mimina juu ya mbegu, yaache yapoe yenyewe mpaka kesho.

Kwa matunda yenye nyama mambo ni tofauti. Kule jangwa la Negev, Israeli, kuna kichaka kinaitwa Ochradenus baccatus, tunda lake likitafunwa pamoja na mbegu linatoa ukali kama wa haradali, basi aina moja ya panya wa huko kajifunza kula nyama ya tunda na kutema mbegu zikiwa nzima. Na wewe usisage, toa nyama yote, osha, kausha kivulini.

Saguaro, lile kakati refu la jangwa la Sonora, huko Marekani na Mexico, tunda moja linaweza kuwa na mbegu 2,000 hivi, ndogo nyeusi, popo na ndege wanakula na kuziangusha chini ya miti wanakotua, na kivuli cha ule mti ndo kinakilinda kimche na jua. Kwa hiyo hizi usizifukie, zinyunyize juu ya mchanga na uziwekee kivuli.

Zile ambazo panya wanazificha ardhini na kuzisahau, kama za mti wa jangwani uitwao Joshua tree kule Marekani, weka chache pamoja kwenye kishimo cha sentimita 1 mpaka 2 basi.

Ninayempenda kuliko wote ni muhanga. Kusini mwa Afrika kuna jamii ya tango ambalo tunda lake linakomaa chini ya ardhi, muhanga analinusa, analifukua apate maji, halafu kinyesi chake anakifukia mwenyewe, yaani kapanda na mbolea kaweka!

Sasa angalizo, na hili nalisema kwa uzito. Mnyama hachagui. Mathenge, ule mti vamizi wa kigeni (Prosopis juliflora), umetapakaa nyanda kame za Afrika Mashariki hivyohivyo, mbuzi na ng'ombe wanakula maganda matamu wanaenda kuzimwaga mbegu malishoni na kando ya mito. Kinyesi cha eneo lenye mathenge usikihamishe kupeleka kwingine, na mifugo iliyotoka huko ifungie siku kadhaa zizini ijisaidie yote kabla hujaipeleka malisho mapya, kisha kila mche wa mathenge utakaochipua pale zizini ung'oe ungali mdogo.