Mikono inatetemeka na unataka kuingia kwenye majaribio ya dawa mpya? Soma hii kabla hujasaini

Ndugu zangu mlioko nje, hii ni ya yule ambaye akiletewa fomu ya kujaza anasema "naomba nikajazie nyumbani", kumbe anakimbia macho ya watu. Madaktari wanaiita esenshali trema (essential tremor), mtetemo unaokuja pale unapoutumia mkono, sio ukiwa umeulaza mapajani, na hapo ndo inapoachana na Pakinsoni ambayo kwa kawaida hutetemesha mkono uliotulia. Wengi tumeshaambiwa tumeamka na chupa. Kinachochekesha ni kwamba pombe kidogo huwa kweli inautuliza mtetemo kwa muda kwa watu wengi, kwa hiyo mtafiti akikuuliza habari za pombe usinune, jibu ukweli.

Kwanza uwe na uhakika kwamba ugonjwa wenyewe ndo huo. Tezi ya shingo ikichachamaa inatetemesha, dawa ya pumu ya kuvuta nayo inatetemesha, litiamu, dawa ya matatizo ya akili, pia. Pigia wazee simu uwaulize nani kwenye ukoo alikuwa anatetemeka, maana mara nyingi hii kitu inatembea kwenye familia na hilo swali lazima utakutana nalo.

Dawa tulizonazo ni za kuazima. Propranolol ilitengenezwa kwa ajili ya moyo (na mwenye pumu haimfai), primidone ni ya kifafa. Ndo maana kampuni zinahangaika kutafuta mpya, na nyingine zinaanguka njiani: mwaka 2024 dawa za Sage na Jazz zote mbili hazikufikia lengo kwenye majaribio, halafu 2025 kampuni ya Praxis wakatangaza matokeo mazuri ya dawa yao, ulixacaltamide. Nalisema hili ili ujue unaingia kwenye swali ambalo jibu lake bado halijapatikana. Sio matibabu unayapata mapema kuliko wenzio.

Pa kutafuta ni ClinicalTrials.gov, unaandika jina la ugonjwa na nchi unayoishi halafu unachagua zile zinazoandikisha watu sasa hivi. Shirika la Afya Duniani nalo lina tovuti yake ya kutafutia, ICTRP, inayokusanya rejista za nchi nyingi. Ila kuonekana kwenye rejista sio muhuri wa ubora, kwa hiyo uliza kamati gani ya maadili imepitisha utafiti huo, na mtu akitaka umlipe ndo akupe dawa ya majaribio mwulize kwa nini, maana kwa kawaida dawa na vipimo vya utafiti hulipii na mara nyingi hata nauli unarudishiwa.

Sasa kuna siku ya kupimwa kama unafaa, na hapa nikae kidogo. Wanakupa karatasi na kalamu wanakwambia chora konokono, ile duara inayozunguka kutoka katikati kwenda nje, bila kuegemeza mkono mezani. Wanakwambia nyoosha mikono mbele, gusa pua, mimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Sisi tuliozoea kuficha tuna ujanja wetu, unabana kiwiko kwenye mbavu, unashika kikombe kwa mikono miwili, unavuta pumzi kabla ya kuinua. Mimi utafiti wa kwanza niliukosa kwa staili hiyo hiyo, nimevaa vizuri, nimebana viwiko kama naenda intavyuu ya kazi, wakaniambia mtetemo wangu ni mdogo haufiki kiwango chao. Nilirudi kwenye basi namwaga maji ya chupa kwenye suruali! Usifiche. Usizidishe pia, wanajua.

Lugha. Hata kama Kiingereza au Kijerumani chako cha kazini kiko fiti, fomu ya ridhaa inaweza kuwa kurasa ishirini na kitu za maneno ya kidaktari, omba mkalimani na omba uende nayo nyumbani. Usimtumie mwanao kutafsiri, kuna maswali ya pombe na ya chumbani humo ndani, utamdanganya yeye au utawadanganya wao.

Halafu elewa plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Kompyuta ndo inapanga nani apate nini, wewe hujui na mara nyingi daktari naye hajui, na unaweza kumaliza miezi mitatu unameza kitu hewa. Kama hilo litakuuma sana, bora usiingie. Una haki ya kutoka siku yoyote bila kutoa sababu, lakini usiache dawa ghafla kwa akili yako. Propranolol ikikatwa ghafla moyo unaweza kuleta shida, primidone inaweza kuleta degedege. Na mitishamba waambie, yote.

Safari ya nyumbani nayo itaje mapema, kama una mpango wa kukaa huko wiki sita wakati wao wanataka kukuona kila wiki mbili utatolewa.

Kwa majaribio ya vifaa mahesabu ni mengine kabisa. Waya wa ubongoni wa kutuliza mtetemo kwa umeme, unaoendeshwa na betri kifuani, unahitaji fundi wa kuurekebisha kwa miaka, na betri nyingine zinabadilishwa kwa upasuaji, sasa kama ndoto yako ni kustaafu nyumbani uliza nani atakushughulikia huko. Mawimbi ya sauti yanayochoma sehemu ndogo ya ubongo hayaachi kifaa mwilini, ila kilichochomwa hakirudi, watu wengine hubaki na ganzi au kuyumba, na utalala macho ndani ya bomba la mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, kichwa kimefungwa kisitikisike. Mwenye hofu ya kufungiwa aseme mapema.

Kabla hujasaini uliza mambo mawili, utafiti ukiisha utaendelea kupata dawa au ndo basi, na nani anapokea simu usiku. Namba hiyo iandike kwenye kadi pamoja na jina la utafiti, uiweke kwenye waleti, sio kwenye simu, maana ukiangushwa na kitu barabarani wahudumu wa ambulansi hawana paswedi yako.