Somo: Kumwonyesha askari leseni ya bastola ukisimamishwa barabarani Texas

Somo hili linamhusu mwenye leseni ya kubeba bastola katika jimbo la Texas, Marekani, anayesimamishwa na askari huku silaha iko kiunoni mwake au garini karibu naye. Nimejifunga na Texas kwa makusudi, kwa kuwa sheria za majimbo hazifanani: Michigan inakutaka useme mara moja kwamba umebeba silaha, hata kabla hujaulizwa, na Ohio, tangu Juni 2022, inakutaka useme ukweli ukiulizwa. Texas haidai maneno, inadai kadi. Kifungu cha 411.205 cha sheria ya Texas (Government Code) kinaeleza kwamba askari akikutaka kitambulisho nawe umebeba bastola, utamwonyesha leseni ya udereva pamoja na leseni ya bastola. Adhabu ya kutofanya hivyo iliondolewa mwaka 2009, lakini wajibu wenyewe haukufutwa.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla hujawasha gari. Mtu anayetumia mkono wa kulia huvaa bastola ubavu wa kulia, na pochi huitia katika mfuko wa nyuma wa upande uleule. Hivyo siku akiambiwa atoe leseni, mkono wake unapita juu ya mpini wa bastola na shati linafunuka mbele ya macho ya askari. Toa kadi zote mbili pamoja na ya bima, uziweke kwenye tundu la kuwekea vikombe katikati ya viti. Ikiwa bastola yako hukaa ndani ya dashibodi, karatasi za gari zisikae humo.

Hatua ya pili: taa zikiwaka nyuma yako, washa indiketa, egesha kulia, zima injini, shusha kioo, na ikiwa ni usiku washa taa ya ndani, kisha weka mikono yote miwili juu ya usukani. Usishuke. Wapo miongoni mwetu waliozoea nyumbani kushuka na kumfuata trafiki ili wazungumze naye kwa adabu, lakini huku Marekani adabu hiyo husomeka kama shari.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito. Sema hivi: “Afande, nina leseni ya kubeba bastola, na leo ninayo. Iko kiunoni upande wa kulia. Kadi ziko hapa kwenye tundu la vikombe. Nifanyeje?” Bila shaka utayasema kwa Kiingereza, ila mpangilio uwe huo: leseni itangulie, mahali ilipo silaha pafuate, na mkono usiondoke kwenye usukani mpaka upewe ruhusa. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, aliyekuwa na kibali halali, alimwambia askari kwa upole kwamba ana silaha, akapigwa risasi sekunde chache baadaye, na askari huyo akaachiwa huru na mahakama mwaka 2017. Simlaumu marehemu hata kidogo, wala sidai kwamba mpangilio wa maneno ni kinga. Nasema tu kwamba mkono uliotulia humpunguzia askari sababu ya kuogopa.

Hatua ya nne: askari akiona ni lazima kwa usalama, anaruhusiwa kuichukua bastola kwa muda. Mwachie aitoe mwenyewe, au fuata maelekezo yake neno kwa neno; usiichomoe eti unamsaidia. Ikiwa hukukamatwa wala hukuonekana kuwa hatari, atakurudishia kabla ya kukuruhusu uende.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tangu 2021 watu hubeba bila leseni. Kadi ya nini tena?
Jibu: Ni kweli, tangu Septemba 1, 2021 mtu wa miaka 21 na zaidi asiyekatazwa na sheria anaweza kubeba bila leseni, na kifungu hiki hakimgusi. Wewe uliye na leseni kinakugusa bado. Isitoshe, askari akiingiza leseni yako ya udereva katika kompyuta yake, ile ya bastola huonekana, na ni heri aisikie kwako kwanza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kama bastola nimeiacha kabatini nyumbani?
Jibu: Marahaba. Hulazimiki. Mimi huionyesha kadi hata hivyo na kusema, “Leo sikuibeba.”

Swali: Mwenye leseni ni mke wangu, naye amekaa kiti cha abiria. Niseme kwa niaba yake?
Jibu: Hapana, kaka. Wajibu ni wa aliyebeba, pale anapotakiwa kitambulisho. Shemeji aweke mikono juu ya dashibodi, naye ajieleze mwenyewe.

Swali: Niko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Naweza kuomba leseni hiyo?
Jibu: Sheria ya shirikisho inawakataza wengi wenye viza za muda kumiliki silaha na hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hilo. Kamwone wakili wa uhamiaji kabla hujagusa bastola ya rafiki yako, hata kwa mazoezi tu.