Seva ya orodha ya barua pepe kwa makatibu wa AMCOS za korosho

Orodha ya kuwapelekea makatibu wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) za Mtwara na Lindi taarifa za mnada iwe imesimama kabla ya Oktoba. Anwani ya IP isiyojulikana ikianza ghafla kumwaga mamia ya barua, Gmail huzipeleka kwenye taka. Anza Agosti, utume kidogo kidogo.

Kodi mashine pepe yenye RAM ya GB 2, diski ya GB 20 na Debian 12. Kabla ya kulipa, uliza kama poti 25 ya kutoka, ambayo seva hutumia kupeleka barua kwa seva nyingine, iko wazi. Google Cloud huifunga; wengine huifungua ukiomba. Ikiwa imefungwa, `mailq` (amri ya kuona barua zinazongoja kutumwa) itajaa `Connection timed out`, nawe utapekua mipangilio isiyo na kosa.

Kwenye DNS (rekodi za domeni yako) weka A (anwani ya IP ya seva), MX (seva inayopokea barua), SPF (seva zinazoruhusiwa kutuma; `v=spf1 mx -all`), DKIM (ufunguo wa kuhakiki sahihi ya barua), na DMARC (agizo la kufanya nini na barua isiyothibitika) ya `p=none` kwa kuanzia. PTR (rekodi ya kutoka IP kwenda jina) haiwekwi kwa aliyekuuzia domeni bali kwa mwenye wingu, na lazima ifanane na jina la seva.

Kisha `apt install postfix mailman3-full`: Postfix husafirisha barua, Mailman huendesha orodha. Ndani ya `main.cf` ya Postfix, elekeza `transport_maps` na `local_recipient_maps` kwenye `hash:/var/lib/mailman3/data/postfix_lmtp`, na `relay_domains` kwenye `postfix_domains` ya folda hiyohiyo. Kwenye ukurasa wa msimamizi wa Django (mfumo unaoendesha tovuti ya Mailman), futa `example.com` uandike domeni yako, la sivyo viungo vya kuthibitisha uanachama vitakwenda kusikofaa.

Linaloumiza zaidi ni DMARC. Katibu mwenye anwani ya Yahoo akiandika, Mailman huongeza maneno chini ya barua, sahihi ya DKIM inavunjika, na Gmail inaikataa kwa sababu tangu 2014 Yahoo imeagiza hivyo. Mailman humhesabia kosa mpokeaji. Alama zikifika 5, anasimamishwa bila hatia. Kwa hiyo, kwenye mipangilio ya DMARC, chagua anwani ya mtumaji ibadilishwe iwe ya orodha. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Tunashauri orodha iwe ya matangazo tu, makatibu wasijibizane humo. Pandisha pia kikomo cha ukubwa wa barua: cha kawaida ni KB 40, na PDF ya matokeo ya mnada itakwama ikingoja msimamizi huku wakulima wa Newala na Nachingwea wanauliza bei.