T470, T480 au T480s? Chagua laptopu ya mtumba kwa kuangalia kinachobadilishika

Wengi wanaoniletea laptopu za mtumba niwaongezee RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) huwa wameshalipa. Nikifungua mfuniko wa chini nakuta RAM imechomelewa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani), na hapo sina la kuwasaidia. Inaniuma. Basi fanya haya ukiwa bado dukani. Mfano wangu ni ThinkPad, laptopu za Lenovo zikiwemo T470, T480 na T480s, maana ndizo ninazozifungua zaidi.

Hatua ya 1: Soma namba ya prosesa.
Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari. i5-7300U, inayopatikana kwenye T470, ni kizazi cha 7 na ina viini 2, yaani sehemu 2 za kuchakata kazi. i5-8250U ya T480 ni kizazi cha 8, ina viini 4, na tofauti utaiona kazini. Tena Windows 11 inaikubali T480, ilhali T470 imeachwa nje, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtumiaji wa Linux (mfumo mbadala wa Windows), T470 bado ni mashine nzuri.

Hatua ya 2: Uliza RAM imekaaje, siyo ni GB ngapi tu.
Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. T480 ina nafasi 2 za vijiti vya RAM aina ya DDR4. Ukiikuta na kijiti kimoja cha GB 8, unaongeza cha pili na cha kwanza kinabaki. T480s ni nyembamba na inavutia macho, lakini sehemu ya RAM yake imechomelewa, nafasi imebaki moja. X1 Carbon Gen 6, ThinkPad nyingine, imechomelewa yote: uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Mimi huwaambia wanafunzi wachukue T480, hata kama ni nzito.

Hatua ya 3: Washa, bonyeza F1.
Ikidai nywila ya BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla ya Windows), irudishe kaunta. Kwenye ThinkPad, kuchomoa betri ndogo ya CMOS, ile ya kwenye mazabodi, hakuifuti nywila hiyo.

Hatua ya 4: Pima betri.
Ndani ya Windows andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. T480 ina betri mbili: ya ndani ya Wh 24 (Wh ni kipimo cha uwezo wa betri), na ya nje ya Wh 24 hadi 72. Ya nje ikiwa imechoka usiogope, kuibadilisha hakuhitaji hata bisibisi. Omba upunguziwe bei.

Hatua ya 5: Ukishanunua, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka).
Kama ina diski ya kuzunguka, anza na hii kabla ya RAM. T480 hupokea SSD ya aina ya SATA ya inchi 2.5 au ya NVMe, iliyo ndogo na ya kasi zaidi, ila waya na kishikio chake ni tofauti, kwa hiyo fungua uone kilichomo ndipo ukanunue. Kabla ya kufungua, chomoa chaja na betri ya nje, kisha ingia BIOS, Config, Power, uchague "Disable Built-in Battery". Nimeshaona mazabodi nzima ikiungua kwa kuruka hatua hiyo ya dakika moja.