Jinsi ya kupanga HDAC kwenye makundi yake bila kukariri namba

HDAC ni enzaimu zinazong'oa asetili (kikundi kidogo cha kemikali) kwenye histoni, protini ambazo DNA imejizungushia. Wengi wanakwama kuzipanga kwa sababu wanaanza na namba, HDAC1, HDAC2 mpaka 11, halafu wanashangaa mbona 8 kaenda kukaa na 1 badala ya 7. Namba zimefuata zaidi nani kagunduliwa lini, undugu haumo humo kabisa, so ziache kwanza.

Jiulize hivi: enzaimu hii inahitaji nini ili ing'oe asetili kwenye histoni? Binadamu tunazo 18. Kumi na moja zinatumia zinki, saba zinatumia NAD+ (molekuli msaidizi ya seli), na hizo saba ndo sirtuini, SIRT1 mpaka SIRT7, yaani kundi la III. Hapo ushapunguza kazi kweli. Hata maabara zinaonekana, ukiweka kizuizi kiitwacho trikostatini A, zile za zinki zinazimika ila sirtuini wala haziguswi, zenyewe kizuizi chake ni nikotinamidi.

Sasa zile 11 zitafutie ndugu zake kwenye hamira. Inayofanana na enzaimu ya hamira iitwayo Rpd3 ni kundi la I: 1, 2, 3 na 8, mara nyingi utazikuta kwenye kiini cha seli. Inayofanana na nyingine ya hamira, Hda1, ni kundi la II. HDAC11 imebaki peke yake, ikapewa kundi la IV.

Kundi la II ndo naomba utulie nalo, maana ndo tamu kuliko yote. 4, 5, 7 na 9 ni IIa, zina mkia mrefu unaoshika MEF2 (protini inayowasha jeni) na kuzima jeni zake, lakini seli ikipata ishara mkia unabandikwa fosfeti, protini ya 14-3-3 inaudaka, HDAC inatolewa nje ya kiini na jeni zinafunguka. Nguvu yake yenyewe ya kung'oa asetili ni ndogo sana, maana pale ambapo HDAC nyingine zina asidi amino ya tairosini, kwenye IIa imekaa histidini. 6 na 10 ni IIb, na jina lisikudanganye, HDAC6 kazi yake kubwa iko kwenye saitoplazimu, inang'oa asetili kwenye tubulini (protini ya kiunzi cha seli), HDAC10 nayo inashughulika na poliamini, molekuli ndogo za seli ambazo si histoni.

Ukishazoea hivyo, ukiulizwa kuhusu vorinostat, dawa iliyoruhusiwa Marekani 2006 kwa limfoma ya seli T ya ngozi, tafadhali usiandike eti inazuia HDAC zote. Inakamata zinki, sirtuini zinaendelea na kazi zake kama kawaida.