Nafasi Inapopungua Bila Sababu kwenye Kompyuta Mpakato Mpya: Hatua za Kumtafuta Mlaji

Mwalimu mmoja aliniletea kompyuta mpakato ya Windows 11 yenye diski ya GB 256, aliyokuwa ameinunua wiki tatu tu kabla, akieleza kwamba imebakiza GB 11 ilhali yeye hajaweka humo zaidi ya mitihani ya wanafunzi wake. Alikuwa amekwisha kufuta picha za harusi ya mdogo wake ili apate nafasi, na kufikia jioni nafasi ile ilikuwa imeliwa tena. Picha zile hazikupatikana, na ndiyo maana hatua mbili za mwanzo hapa chini hazifuti kitu chochote.

Hatua ya kwanza ni kuondoa katika hesabu vile vinavyochukua nafasi kihalali. GB 256 za kiwandani ni baiti bilioni 256, lakini Windows huhesabu kwa 1024, hivyo itakuonyesha takriban GB 238. Ndani yake kuna mfumo wenyewe, akiba ya takriban GB 7 inayotengwa kwa ajili ya masasisho, na faili la hiberfil.sys, linalotunza kazi iliyo wazi kompyuta inapozimika kwa hali ya "Hibernate", ambalo kwa kawaida ni asilimia 40 ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Hivyo vyote ni vizito, lakini haviongezeki kila siku, nasi tunatafuta kinachoongezeka.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kupima. Fungua "Settings", kisha "System", kisha "Storage", bonyeza "Show more categories", na uandike kwenye karatasi kiasi cha kila kundi pamoja na saa uliyopima. Tumia kompyuta kama kawaida kwa siku moja, upime tena. Usiku unaofuata zima Wi-Fi, iache ikiwa kwenye chaja bila kulala, upime asubuhi. Nafasi ikiacha kupungua mara tu intaneti inapozimwa, kuna kitu kinachopakuliwa. Ikiendelea kupungua, kuna programu inayoandika mafaili humohumo ndani.

Kwa mwalimu wetu nafasi iliacha kupungua. Hapo nilikwenda "Network & internet", "Advanced network settings", kisha "Data usage", ambako kila programu huorodheshwa pamoja na data iliyotumia kwa siku 30, na OneDrive, yaani hifadhi ya mafaili ya Microsoft iliyo mtandaoni, ilikuwa juu ya zote. Alipoiwasha kompyuta mara ya kwanza alijisajili kwa akaunti ya chuo alichosomea, yenye video za mafunzo za miaka kadhaa, na folda yake kuu ilikuwa imewekewa "Always keep on this device", yaani kila kitu kishushwe na kibaki. Bando alilokuwa akinunua kila wiki lilikuwa likiishia hapo pia. Bofya folda ya namna hiyo kwa kitufe cha kulia, uchague "Free up space", na alama ya tiki ya kijani itageuka kuwa wingu la buluu, yaani faili limebaki mtandaoni tu. Nakusihi usitumie "Delete", kwa sababu faili lililofutwa ndani ya folda ya OneDrive hufutwa pia kwenye akaunti.

Ikiwa nafasi inapungua hata bila intaneti, tumia WizTree au WinDirStat, programu zinazoonyesha ukubwa wa kila folda, na uifungue kwa mamlaka ya msimamizi, kwani bila hivyo folda za mfumo kama System Volume Information zinaweza zisisomeke. Folda hiyo ikiwa ndiyo nzito, zimo nakala za kurejeshea mfumo. Amri ya vssadmin list shadowstorage, ukiiandika kwenye Terminal iliyofunguliwa kwa mamlaka hayohayo, itakuonyesha ukubwa wake, na kikomo chake hupunguzwa kwenye "System Protection". Windows.old, folda ya toleo la awali la Windows, hujiondoa yenyewe baada ya siku 10. WinSxS, folda ya vipande vya mfumo na masasisho yake, usiiguse kwa mkono. Isafishe kwa amri ya Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup.

Wapo wanaoshauri kuondoa hiberfil.sys kwa powercfg /h off. Mimi simshauri hivyo mtu anayeishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kwa kuwa faili hilo ndilo linalohifadhi kazi iliyo wazi pale betri inapokaribia kwisha.

Baada ya kila badiliko, pima tena kwa saa ileile na ulinganishe na karatasi yako kabla ya kubadilisha kitu kingine. Kompyuta ya mwalimu niliipima kwa jioni mbili mfululizo ikiwa na Wi-Fi, na ilipobaki palepale ndipo nikamrudishia.